Shukeni bondeni kwanza, ziwa liwe la mwisho

SWALI: "Mimi na mume wangu tunakaa Mwanza. Nina miaka 58, yeye ana 65 na anatumia dawa za presha. Binti yetu anafanya kazi Lima na anataka kutulipia safari ya siku sita. Siku ya kwanza ndege kutoka Lima hadi Juliaca na kulala Puno; ya pili visiwa vya ziwa Titicaca; ya tatu basi hadi Cusco; ya nne Bonde Takatifu; ya tano Machu Picchu kwenda na kurudi; ya sita ndege ya kurudi Lima. Kila mahali tutakuwa na mwongozaji. Je, ratiba hii inatufaa? Mzee anauliza pia: mtu aliyezaliwa kando ya Ziwa Victoria avuke bahari kwenda kuona ziwa jingine la nini? Na samaki wa huko wanalika?"

JIBU: Shikamoo mama, na baba naye shikamoo. Ratiba mliyoletewa ina karibu kila kitu kizuri cha kusini mwa Peru, lakini imepangwa miguu juu kichwa chini. Kabla binti hajaongea na wakala habari za hoteli au kiti cha treni, amwambie aigeuze, ziwa liwe la mwisho. Nitaeleza kwa nini, kisha nitawapitisha mahali kwa mahali ili mjue mwongozaji anapaswa kuwaonyesha nini, maana wapo wageni wengi waliolipia mwongozaji na hawakuongozwa.

Nilipeleka wageni Kilimanjaro kwa miaka mingi kabla sijaanza kupeleka vikundi Peru, kwa hiyo nitapima kwa mlima wetu. Anayepanda kwa njia ya Marangu hulala kwanza Mandara, kama mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Kesho yake ndipo anafika Horombo, mita 3,720, na wengi huongeza usiku wa pili palepale ili mwili uzoee. Sasa Puno, mji mliopangiwa usiku wa kwanza, uko kwenye mita 3,830 hivi. Mnatoka Lima, ambako bahari inapiga chini ya mji, mnapanda ndege asubuhi, na jioni mnalala juu kuliko Horombo. Mandara mmeiruka hewani. Mtu akija langoni Marangu na mpango wa namna hiyo, ningemrudishia hela yake.

Wengi hudhani Machu Picchu ndiyo iliyo juu, kwa sababu ya zile picha zenye mawingu. Kumbe iko mita 2,430, chini ya Mandara, na ndiyo ya chini kuliko magofu yote mtakayotembelea. Cusco iko 3,400. Barabara ya kutoka Cusco kwenda Puno inavuka mlango wa mlima uitwao La Raya, zaidi ya mita 4,300, na ziwa lenyewe liko 3,812. Ziwa lenu la Victoria liko mita 1,134 tu. Nikisema ziwa liwe mwishoni, nina maana kwamba mwili utakuwa umeshapanda ngazi zote za chini kabla ya kufika pale.

Kosa hili nalijua kwa sababu nimelifanya. Kikundi changu cha kwanza nilikifikishia Juliaca kwa ndege, kwa ushauri wa wakala aliyetazama ramani akaona Puno iko kusini na Cusco kaskazini, basi tuanze kusini tukimalizia kaskazini. Ramani ilikuwa sahihi. Saa nane usiku mgeni wangu mmoja, mwalimu wa michezo wa miaka 40 ambaye hajawahi kuumwa hata mafua, alianza kutapika na kichwa kikamgonga kama nyundo. Hoteli ilikuwa na mtungi wa oksijeni, tukamwekea, lakini alipata nafuu ya kweli tulipomteremsha Arequipa, mita 2,300 hivi. Watano waliobaki walitembea visiwani siku ile kama watu waliotoka msibani. Mimi, mtu wa mlimani, niliyekuwa nikiwaambia watu "pole pole" kila siku ya Mungu!

Kwa hiyo ratiba ninayowapangia ni hii. Shukeni Cusco kwa ndege kutoka Lima, lakini msilale Cusco. Gari liwapokee uwanjani liwateremshe moja kwa moja hadi Ollantaytambo, mji ulio ndani ya Bonde Takatifu, mita 2,790, mwendo wa kama saa mbili. Laleni huko usiku mbili. Siku ya tatu treni iwapeleke Aguas Calientes, mji mdogo ulio chini ya Machu Picchu, mlale hapo, na asubuhi mpande magofuni. Ndipo mrudi Cusco mkae usiku mbili, kisha basi la mchana hadi Puno, usiku mbili tena, na ndege ya kurudi Lima iondoke Juliaca. Hizo ni siku nane. Kama binti hana namna ya kupata zaidi ya sita, basi kateni Puno, na ninasema hivyo kwa uchungu kwa sababu zinazokuja hapa chini. Baba asinyimwe ziwa kabisa: karibu na kijiji cha Chinchero, juu ya bonde, kuna ziwa dogo liitwalo Piuray ambalo hata leo linaipa Cusco sehemu ya maji yake, na mnaweza kusimama hapo mkiwa njiani kurudi Cusco. Mkifika mjini mtauziwa pia safari ya siku moja ya ziwa la Humantay, kwa picha ya maji ya kijani chini ya theluji. Liko kama mita 4,200 na njia yake ni mkwezo mtupu. Waachieni vijana.

Kuhusu presha, huyo ni mgonjwa wa daktari wake, si wangu. Ninachosema ni kwamba aende akamwambie waziwazi atalala mita 3,800, na aende na pakiti za dawa zote anazomeza. Ile tembe tunayoijua mlimani kwa jina la Diamox huwasaidia wengi kuzoea mwinuko, lakini inakojolesha, na baadhi ya dawa za presha nazo zinakojolesha. Aliyewahi kudhurika na dawa za salfa kama Septrin anapaswa kulitaja kabla hajaandikiwa. Huko wenyeji wanauita ugonjwa wa mwinuko soroche: kichwa kuuma, kichefuchefu, usingizi wa kukatika, chakula kutopita. Hayo yakija, pumzika, kunywa maji, usipande zaidi. Lakini mtu akianza kukohoa na kuhema akiwa amekaa, au akatembea kama mlevi, au akajibu mambo yasiyoeleweka, hapo hakuna cha kusubiri asubuhi. Anateremshwa usiku huohuo na kupelekwa hospitali.

Mtapewa chai ya majani ya koka kila hoteli. Ni halali Peru, inapasha mwili moto, na kuikataa ni kama kukataa kahawa kwenye baraza ya Pwani. Kunyweni huko huko. Msibebe hata kijipakiti kimoja kurudi nacho, kwa sababu katika viwanja vingi vya ndege jani hilo ni dawa ya kulevya, hawatasikiliza habari za kichwa kuuma. Kadi ya njano ya chanjo iwe ndani ya pasipoti wakati wote. Na kofia: ngozi nyeusi nayo inaungua kule juu. Nimeona wageni kutoka Dar wakibanduka pua wakishangaa.

Sasa magofu.

Ollantaytambo ni mahali ninapopapenda kuliko Machu Picchu, na waongozaji wengi wa Cusco wakiwa wametulia watakwambia hivyohivyo. Mji wa chini umejengwa juu ya mpango wa Wainka wenyewe, watu waliotawala milima hii kabla Wahispania hawajaja. Mitaa ni ileile myembamba, nyumba zimezunguka nyua zilezile, na maji yanapita kwenye mifereji ya mawe kando ya milango ambako akina mama wanafagia asubuhi. Baba akichoka na ngazi, akae huko chini, hatakuwa amekosa kitu. Atakayepanda atakuta juu ya ngome mawe sita makubwa ya rangi ya waridi yamesimama bega kwa bega, ukuta wa hekalu ambalo halikukamilika. Mwambieni mwongozaji awaonyeshe yalikotoka, mlima wa ng'ambo, upande wa pili wa mto Urubamba. Yaliteremshwa mteremko mzima, yakavushwa mto, yakapandishwa tena huku. Njiani mengine yalibaki na mpaka leo yamelala bondeni, wenyeji wanayaita mawe yaliyochoka.

Hapa ndipo mtakapompima mwongozaji wenu. Akianza hadithi za viumbe kutoka angani, au mmea wa siri unaolainisha mwamba uwe kama udongo, au mawe yenye "nguvu" ya kuponya mkiyagusa, mkatizeni kwa adabu mumuulize watu walifanyaje. Jibu lipo na linavutia kuliko uongo. Hawakuwa na chuma wala gurudumu. Walikuwa na mawe magumu ya mtoni waliyoyatumia kama nyundo, kamba za nyasi, njia za kuteleza zilizojengwa kwa changarawe, na wafanyakazi wengi waliokuja kwa zamu kutoka kila pembe ya dola kama kodi ya mikono, kwa sababu dola hilo halikuwa na pesa. Miaka ya 1980 mbunifu wa majengo Jean-Pierre Protzen alichukua nyundo za mawe za aina hiyohiyo akachonga jiwe mwenyewe, akaona linachongeka na makovu yake yanafanana na yale yaliyo ukutani. Tazameni kwa karibu mtayaona, vijishimo vidogo, mwishoni mwa jiwe vidogo zaidi. Vinundu vinavyotokeza kwenye baadhi ya mawe huenda vilisaidia kushikia kamba na miti.

Sisi watu wa Kilwa na Gede tumezoea ukuta wa matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Hawa kuta zao bora hazina kitu katikati, jiwe limekaa juu ya jiwe kwa kuchongwa tu, na ukuta umeegemea ndani kidogo, milango na madirisha mapana chini na membamba juu. Si urembo peke yake. Nchi hiyo inatetemeka. Cusco, Wahispania walijenga nyumba yao ya watawa ya Santo Domingo juu ya Qorikancha, hekalu la Jua ambalo kuta zake zilikuwa zimevishwa mabamba ya dhahabu. Tetemeko la Mei 1950 likaangusha sehemu kubwa ya kazi ya Wahispania, na kuta za Wainka zilizokuwa zimefichwa ndani zikatokea zimesimama. Leo unaingia kanisani unajikuta ndani ya hekalu. Pangeni saa moja na nusu hapo, msikubali dakika ishirini.

Juu ya mji kuna Sacsayhuamán, kuta tatu za mkunjo-mkunjo kama meno ya msumeno, zenye mawe ambayo makubwa yake hukadiriwa kuzidi tani 100. Mengine madogo mtayakuta kwenye kuta za kanisa kuu la mji, Wahispania waliyabomoa wakayateremsha; makubwa yalibaki kwa sababu yaliwashinda. Mwaka 1536 mfalme wa Wainka, Manco Inka, aliuzingira mji akitokea huko juu, na Juan Pizarro, ndugu wa Francisco aliyewaongoza Wahispania, alipata jeraha lililomuua katika vita vya ngome hiyo. Mwaka uliofuata Manco aliwapiga Wahispania Ollantaytambo, akafungulia maji yakafurika uwanda ambao farasi wao walikuwa wakiutegemea. Waongozaji wengi huishia kwa mfalme Atahualpa kukamatwa na Wahispania Cajamarca tarehe 16 Novemba 1532, kana kwamba siku ile moja ilimaliza kila kitu. Haikumaliza. Wainka walipigana kutoka misitu ya Vilcabamba mpaka 1572. Muulizeni mwongozaji habari za miaka hiyo 40, mtajua kama amesoma.

Mwongozaji rasmi wa Peru huwa na leseni na hutembea na kitambulisho chenye picha. Ombeni kukiona mwanzoni, hakuna atakayekasirika. Wa Kiswahili hamtampata, hivyo binti atakuwa mkalimani, lakini mwombeni awafundishe Kikechua kidogo, lugha ambayo wenyeji wengi wa milimani bado wanaiongea. Itawachekesha. Inabandika vipande kwenye neno kama sisi, ila wao wanabandika mwishoni: wasi ni nyumba, wasiy nyumba yangu, wasiykuna nyumba zangu.

Machu Picchu nitaieleza kwa upande wa shughuli zaidi, kwa sababu uzuri wake mtauona wenyewe. Tikiti ina jina lako, namba ya pasipoti, saa ya kuingia na njia utakayopita; tangu katikati ya 2024 kuna mizunguko mitatu, na ukishapita huwezi kurudi nyuma. Miezi ya watu wengi tikiti huisha mapema sana, kwa hiyo hii ndiyo inunuliwe kwanza, treni na hoteli zifuate. Mzunguko wa 2 unawapa ile picha inayojulikana dunia nzima na kuwapitisha ndani ya mji, una ngazi. Wa 3 unapita chini, ngazi chache, lakini picha ya juu hamtaipata. Kama magoti ya baba yanaruhusu, chukueni wa 2 na muende polepole. Vyoo viko nje ya lango, ndani hakuna, na huenda dawa za baba zinakojolesha. Hilo lisisahaulike asubuhi hiyo. Basi kutoka mjini hadi langoni linachukua kama nusu saa.

Ndani, mwambieni mwongozaji asimame kwenye chemchemi. Kuna vibubujiko 16 vinavyoteremka kimoja baada ya kingine, maji yakiletwa kwa mfereji kutoka mlimani, na cha kwanza kiko jirani na makao ya mfalme, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa akipata maji kabla hayajaguswa na mtu. Mvua ya kule ni nyingi. Mji usingedumu kama wajenzi hawakuweka changarawe na mawe chini ya viwanja ili maji yazame, na kazi yao kubwa imefukiwa chini ya nyayo zenu. Palikuwa makazi ya kifalme, na wengi wanayahusisha na Pachacuti, mfalme aliyeigeuza Cusco kuwa dola. Vipimo vya mifupa vilivyotangazwa 2021 vinaonyesha watu walikuwa wakiishi hapo tangu karibu 1420. Hiram Bingham, Mmarekani anayesemwa "aligundua" mji huo Julai 1911, alipelekwa na mkulima, akakuta familia zinalima kwenye matuta hayo, na ukutani jina la Agustín Lizárraga, mtu wa bonde hilo, na mwaka 1902. Vitu alivyovipeleka Chuo Kikuu cha Yale vilirudishwa miaka 100 baadaye, vipo kwenye makumbusho ya Casa Concha mjini Cusco. Nyumba hiyo haijai watu. Nendeni.

Na mtaona jiwe la Intihuatana, kama mkono wa saa ya jua, limemegeka ncha. Mwaka 2000 watu waliokuwa wakipiga tangazo la bia waliangushia mtambo wa kamera juu yake. Msiguse chochote.

Kutoka Cusco kwenda Puno ni karibu kilomita 390. Mwambie binti asiwape basi la usiku. Yapo mabasi ya mchana yanayosimama njiani na mwongozaji ndani, karibu saa kumi zote, na kituo cha Raqchi peke yake kinalipa nauli. Hapo kuna hekalu la Wiracocha, muumba. Limebaki ukuta mmoja wa katikati, chini mawe ya Kiinka, juu udongo mkavu, kimo cha jengo la ghorofa tatu hivi, na nyuma yake safu za maghala ya mviringo ya kuhifadhia nafaka.

Tangu hapo mwombeni mwongozaji awasimulie kinyumenyume, kwa sababu hili ndilo jibu la swali la baba. Mwili unataka ziwa liwe mwisho, lakini Wainka wenyewe walisema ziwa ni mwanzo. Wiracocha alitokea Titicaca dunia ikiwa giza, akaamuru jua na mwezi vitoke kisiwani. Manco Cápac na Mama Ocllo, baba na mama wa ukoo wa kifalme, walitoka ziwani wakiwa na fimbo ya dhahabu, wakaenda wakiichomeka ardhini mpaka ilipozama, na hapo wakaanzisha Cusco. Ipo simulizi nyingine inayosema walitoka kwenye pango la Pacaritambo, karibu na Cusco, na mwongozaji mzuri atawapa zote mbili. Mimi naona siasa ndani yake. Kando ya ziwa kulikuwa na Tiwanaku, mji mkubwa uliokufa karne kadhaa kabla Wainka hawajawa chochote, na mtawala mpya anayetaka heshima hujitafutia babu pale penye heshima. Kwa hiyo ziwa hilo si bwawa la kupigia picha baada ya magofu.

Kwa ukubwa, baba atacheka. Titicaca ni kilomita za mraba 8,300 hivi, Victoria 68,800. Lakini Victoria haifiki mita 100 kwenda chini, na Titicaca inapita 280. Maji ni baridi, hakuna anayeoga. Puno gatini kuna meli ya chuma, Yavari, iliyotengenezwa Uingereza 1862, ikavunjwa vipande, ikapandishwa Andes migongoni mwa nyumbu na kuunganishwa tena. Iliingia majini 1870. Aliyesikia habari za Liemba ilivyofika Kigoma kwenye masanduku ataelewa haraka.

Visiwa vya Uros, vinavyoelea, mtaambiwa na wengine kuwa ni maigizo ya watalii. Nusu ni kweli. Nyumba ziko safi mno, nyimbo zimepangwa, na kile kiboti cha matete chenye vichwa vya wanyama watawatoza zaidi. Lakini ufundi ni wa kweli. Mapande ya mizizi ya totora, tete la huko, yanakatwa kama matofali, yanafungwa pamoja, yanafungiwa nanga kwa miti, na juu yake matete mabichi yanaongezwa kila mara kwa sababu ya chini yanaoza. Zamani walikaa mbali zaidi. Dhoruba ya 1986 ikawasogeza karibu na Puno, na ukaribu huo ndio ulioleta watalii. Lugha yao ya asili imekufa, sasa wanasema Kiaymara. Mkiwaambia "kamisaraki" watawajibu "waliki", hujambo na sijambo. Saa moja inatosha, nunueni kitu kidogo mwendelee.

Siku iwe ya Taquile. Boti la kawaida linachukua kama saa tatu, na gati la upande mmoja lina ngazi zaidi ya 500 hadi juu. Mwambieni wakala mshukie upande wenye njia ya kupanda taratibu, na wasipokubali, baba abaki. Huko wanaume ndio wanaofuma kofia, wakitembea, wakiongea, sindano hazisimami, na rangi ya kofia inaonyesha aliyeoa na asiyeoa. Wanawake wanafuma mikanda na nguo. UNESCO iliitambua kazi hiyo 2005. Kulala kwa wenyeji kisiwani Amantaní nimekufurahia kila mara, lakini vyumba havina joto na usiku wa Juni maji yanaganda nje. Kwa baba hapana.

Magofu ya Kiinka ndani ya ziwa lenyewe yapo Kisiwa cha Jua, lakini huko ni Bolivia na mpaka wake, viza yake. Kama siku zimebana, upande wa Puno nendeni Sillustani, minara ya mawe ya kuzikia wakubwa wa Wakolla, watu waliotawala hapo kabla ya Wainka. Jioni, upepo ukiwa umetulia, ni mahali pa kunyamaza.

Hamkusema mwezi. Mei au Septemba ndiyo kauli yangu: kukavu, na watu si wengi kama Juni na Julai. Januari na Februari mvua hukata reli, mwaka 2010 wageni wengi walitolewa Aguas Calientes kwa helikopta. Na migomo ya barabarani ipo, hasa upande wa Puno. Mwanzoni mwa 2023 Machu Picchu ilifungwa kwa wiki kadhaa kwa sababu ya maandamano. Siku moja ya akiba Lima kabla ya ndege ya nyumbani si anasa.

Samaki wanalika, baba. Mtaletewa trucha, nyama yake ya waridi, kwenye karibu kila sahani Puno, na mtaambiwa ni samaki wa ziwa. Ni mgeni, aliletwa kutoka Amerika Kaskazini na kupandwa humo miaka ya 1940, akawapunguza sana wadogo wa asili. Watu wa Mwanza hamhitaji kuelezwa zaidi, sangara mnaye. Mwombeni mpishi amkaange mkavu, na pembeni aweke viazi. Viazi mviringo nyanda hizo ndiko kwao, vipo vya zambarau, vya njano, vilivyopinda kama kidole. Vile vyeusi vidogo vilivyokauka huitwa chuño, vinaachwa nje vigandishwe na baridi ya usiku, kisha vinakanyagwa kwa miguu kutoa maji. Onjeni kimoja kwanza kabla hamjajaza sahani.